Kuunda gari la spoti nyumbani: Kilimanjaro ina mafundi, haina utaratibu

Desemba ikifika katikati, barabara inayopanda kutoka Himo kwenda Marangu, Mwika, Mkuu na kuendelea hadi Tarakea hugeuka maonyesho ya magari. Watu wa Rombo wanarudi nyumbani kula Krismasi na kuwaona wazee, na kila anayeweza huja na usafiri wake: Land Cruiser, Harrier, Mark X, Noah iliyobeba ukoo mzima, na Altezza zenye ekzosi za kunguruma ambazo vijana wa Mkuu huzitambua kwa mlio kabla hazijakata kona. Mwaka mpya ukipita msafara unashuka, na gereji zinabaki na kazi yao ya kila siku: Hiace zilizokwisha bushi, Noah zilizochemsha, pikapu za kubebea ndizi ambazo difu zake zimeanza kulia.

Ujuzi uliomo ndani ya gereji hizo unatosha kuunda gari dogo la spoti la viti viwili, tangu fremu hadi rangi, na likatembea. Nalisema hili nikiwa na uhakika, na nitaeleza kwa nini. Fundi wetu anakosa vitu viwili tu: mchoro uliokwisha kujaribiwa na watu wengine, na njia halali ya kulifikisha gari lake barabarani likikamilika.

Uingereza watu wamekuwa wakijiundia magari ya namna hii kwa takriban miaka 70. Mwaka 1957 Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alitoa gari lililoitwa Lotus Seven: fremu ya mabomba membamba, bodi ya bati la alumini, viti viwili, bila milango wala paa la maana. Injini ya mwanzo ilikuwa ya Ford, cc 1,172, nguvu za farasi zipatazo 40 tu. Lakini gari zima lilikuwa na uzito wa nusu tani hivi, kwa hiyo lilichomoka. Siku hizo gari jipya lililokamilika lilitozwa kodi kubwa ya manunuzi, ila vipande ambavyo mteja angekwenda kuviunga mwenyewe vilisamehewa. Chapman akauza gari lake likiwa vipande. Husimuliwa kwamba ilikatazwa kumpa mteja maelekezo ya kuunga, basi Lotus ikampa maelekezo ya kufungua, naye akawa anayasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Mwaka 1973 kodi ile ikaondoka ikaja VAT, Lotus ikaachana na Seven, na kampuni ya Caterham ikachukua haki za kuitengeneza. Inaitengeneza mpaka leo, na bado unaweza kuinunua ikiwa imefungashwa vipande.

Aliyelisogeza gari hilo kwa mtu wa kipato cha kawaida ni mwalimu, Ron Champion. Mwaka 1996 alichapisha kitabu kinachofundisha kujiundia gari la mtindo wa Seven kwa gharama inayoanzia pauni 250. Wazo lake ni kwamba hakuna haja ya kununua seti ya vipande kutoka kiwandani. Nunua gari moja bovu, kwa wakati ule Ford Escort ya zamani; livue injini, gia boksi, ekseli, stelingi na breki. Kisha chukua mabomba ya mraba ya inchi moja, yakate kwa vipimo vilivyomo kitabuni, uchomelee fremu yako mwenyewe. Watu wa nchi nyingi wakaanza kukata chuma kwenye mabanda yao, na 750 Motor Club ya huko huko Uingereza ikayafungulia magari hayo mashindano yake ya mbio.

Kodi ndiyo iliyowafanya Waingereza wauziane magari vipande vipande. Kwetu, kodi za kuingiza magari zimewafanya mafundi wawe mabingwa wa kufufua yaliyozeeka. Na anayeweza kufufua gari lililokufa anazijua sehemu zake zote kuliko aliyelinunua jipya.

Kazi ya chuma haikuja mlimani hapa na magari. Mamba, jirani na Marangu, ina koo za wahunzi zilizojulikana tangu kabla ya Wajerumani kufika. Chuma chao kilitoka Upare, kwa Washana wa Ugweno waliokiyeyusha kutoka kwenye mchanga wenye madini. Wahunzi wa Mamba wangali wanafua, ila sasa malighafi ni chuma chakavu. Shuka Arusha uone wanavyoandaliwa watalii usafiri: Land Cruiser mpya inakatwa chasisi, inarefushwa, inaongezewa safu ya viti na kuwekewa paa la kunyanyuka. Kampuni kama Hanspaul zimeifanya kazi hiyo kuwa kiwanda kamili. Na wasomaji wa umri wangu watakumbuka chai maharage za Dar es Salaam, zile gari ndogo za mizigo zilizowekewa mabenchi na kibanda nyuma, abiria wakakaa wakitazamana, wakati mabasi yalikuwa haba. Hakuna mhandisi wa ng'ambo aliyekuja kuzichora.

Hata kwenye mbio, Afrika Mashariki ilijijengea jina kwa mikono ya gereji. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na mtoto wa mwenye gereji, alishinda Safari Rally mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha kukimbizwa mwaka uliotangulia. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikuja Dar es Salaam kwa Bert Shankland na Chris Rothwell waliokuwa na Peugeot 404. Mashindano ya miaka hiyo yalipita Kenya, Uganda na Tanzania, na kwenye tope la masika gari lililofika lilikuwa lile ambalo fundi wake alijua wapi aongeze chuma na wapi apunguze.

Sasa tuseme kijana wa Mkuu ameamua. Aanze na gari gani bovu?

Moyo utamwambia Altezza, kwa kuwa inasukuma kwa magurudumu ya nyuma na jina lake ni kubwa. Mimi ningemkataza kwa gari la kwanza. Waya zake ni nyingi, kompyuta yake inataka kila kihisio kiwe mahali pake, na hata ikiwa imegongwa bei yake haishuki sana. Corolla za KE70 zenye injini ya 4K ya cc 1,290 zingefaa kuliko zote, ila zimebaki chache. Kilichopo kwa wingi ni Toyota Townace na Liteace za zamani zenye 5K ya cc 1,486 au 7K ya cc 1,781. Injini imekaa kwa urefu wa gari, propela inakwenda nyuma kwenye difu, nyingi zina kabureta ambayo fundi yeyote ameshaifungua na kuifunga, na spea zake zinapatikana Moshi mjini bila kuagiza. Bodi ikiwa imeliwa na kutu hadi sakafuni si hasara, kwani haitahitajika. Ila anunue gari lenye kadi halali. Umuhimu wa kadi utaonekana mbele.

Kisha fremu, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndipo kazi inapopatikana au kupotea. Mabomba ni ya mraba, milimita 25 kwa 25, unene wa chuma milimita 1.6. Yanaungwa juu ya meza ya mbao nzito iliyosawazishwa kwa pima maji, mchoro ukiwa umechorwa juu ya mbao kwa ukubwa wake halisi, ili kila bomba lilale juu ya mstari wake. Fundi anayejua hashuki na moto mara moja. Hushikiza kila kiungo kwa nukta moja au mbili tu za kuchomelea, kisha huchukua futi kamba na kupima kutoka kona hadi kona ya mkabala, halafu kona mbili zilizobaki, msalaba. Vipimo vikipishana milimita tano, fremu imekaa upande, na gari litavuta upande mmoja maisha yake yote. Nukta zinakatwa kwa grainda, bomba linagongwa kidogo kwa nyundo ya mbao, vipimo vinarudiwa. Msalaba ukilingana ndipo anapochomelea, tena kwa kurukaruka: kidogo mbele kulia, kidogo nyuma kushoto, anaacha chuma kipoe. Bomba jembamba likipata joto upande mmoja hujikunja kuelekea upande ule ule. Mwenye haraka humaliza kona nzima kwa mkupuo mmoja, na chuma kikishapoa hukuta meza iko sawa lakini fremu haiko.

Tena asiongeze unene wa bomba akidhani anaongeza usalama. Fremu ya namna hii inapata ugumu wake kwenye pembetatu: bomba moja la mshazari lililowekwa mahali pake huzuia kujinyonga kuliko mabomba mawili manene yaliyokaa mraba. Ndiyo sababu nasisitiza mchoro uliojaribiwa. Kuchomelea tunajua, kukokotoa mshazari upite wapi ni kazi ambayo wengine wameshaifanya, na haina aibu kuichukua.

Mchoro wa Uingereza, hata hivyo, hauwezi kuhamishiwa Rombo jinsi ulivyo. Seven imelala chini mno. Tumbo lake liko sentimita kumi na kitu kutoka ardhini. Kwenye lami ya Mkuu itapita, lakini ikikata tu kuingia njia ya mgombani itakaa juu ya jiwe la kwanza. Ninaloliona mimi ni gari lililonyanyuliwa hadi sentimita 18 au 20, na bamba la chuma chini ya sampu ya oili, yaani jamaa ya gari la rally kuliko ya gari la uwanja wa mbio. Halafu kuna kimo. Hewa ya mlimani ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani humwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Plagi zinatoka nyeusi, ekzosi inatoa moshi mzito. Jeti ndogo zaidi inarekebisha hilo, na mafundi wa huku wanalijua jambo hili.

Breki ndizo za kukosesha usingizi. Gari la kilo 600 likipakia watu wawili linafika kilo 750. Kila linaposhuka mita 500 za kimo, nguvu inayoachiwa na mteremko inaweza kuchemsha lita kumi za maji ya baridi. Dereva asipotumia gia kushikilia gari, joto hilo lote litaishia kwenye diski na ngoma, na oili ya breki iliyozeeka, iliyonyonya unyevu, itachemka na pedeli itazama hadi sakafuni. Kuna tatizo la pili ambalo si rahisi kulibaini: breki za Townace zilipangwa kwa ajili ya gari la mizigo. Ukizihamishia kwenye gari lenye uzito wa nusu yake, magurudumu ya nyuma yatakabwa mapema kuliko ya mbele, na kwenye kona yenye utelezi mkia utapita mbele. Inabidi nguvu ya breki za nyuma ipunguzwe na kupimwa upya, uwanjani, kwa mwendo mdogo, kabla ya kitu kingine chochote.

Siku ya kutoa hewa kwenye breki ndiyo inayoonyesha kama kazi ilifanywa kwa utulivu. Mmoja anakaa kwenye pedeli, mwingine yuko chini kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ana spana ndogo, mpira mwembamba unaopitisha mwanga na chupa yenye oili ya breki kidogo. "Kanyaga. Shikilia." Nati inalegezwa nusu mzunguko, mapovu yanakimbia ndani ya mpira. Nati inafungwa. "Achia." Wanarudia mpaka mpira unabaki na oili tupu, wanahamia gurudumu linalofuata, na wa tatu anachunga kopo la juu lisikauke, maana likikauka mara moja tu hewa inaingia tena na kazi inaanza upya. Pedeli inapokuwa ngumu kama jiwe robo ya safari yake, gari lile linaanza kustahili kupewa injini.

Nimeingia ndani kiasi hiki makusudi, kwa sababu historia yetu ya kuunda magari imepitia njia nyingine. Kenya, mwaka 1986, Rais Moi aliwataka wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari, hata likiwa baya la sura na zito la mwendo. Wakashirikiana na karakana za Shirika la Reli, na mwaka 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer yakazinduliwa Kasarani. Yaliendesheka. Lakini hayakufika kuuzwa kwa wananchi, na shirika lililoanzishwa kwa ajili yake likageuzwa karakana ya kuchonga vipuri. Kwetu, miaka ya 1980, kituo cha Nyumbu cha Kibaha, chini ya jeshi, kiliunda lori lake, kazi ya kujivunia ambayo haikuzaa malori kwa wingi. Uganda, Novemba 2011, Chuo Kikuu cha Makerere kiliendesha hadharani Kiira EV, gari la umeme la viti viwili, na kutoka hapo ikazaliwa Kiira Motors, ambayo mwaka 2016 ilionyesha basi la Kayoola. Machi 2022 mchora katuni na mtangazaji Masoud Kipanya akazindua jijini Dar es Salaam gari lake la umeme chini ya jina la Kaypee.

Waliofanya hayo nawaheshimu wote. Ila kila mara tuliombwa tuone mwanzo wa kiwanda cha taifa: hafla, mgeni rasmi, picha za magazetini, na baadaye swali la nani ataweka mitaji. Gari la kuungwa nyumbani halidai lolote kati ya hayo. Linahitaji fundi mmoja na rafiki zake wawili. Likiharibika linafunguliwa. Likifaulu, aliyeliunda anabaki na maarifa ya jiometria ya stelingi na mgawanyo wa uzito ambayo hakuna Hiace itakayomfundisha, na gari la pili litakuwa bora kuliko la kwanza. Makerere wenyewe walianza na viti viwili, na ndiyo sababu wao walifika kwenye basi.

Twende kwenye kikwazo. Gari linaloingia kutoka nje lina njia yake inayojulikana: linakaguliwa, linatozwa, TRA inalisajili kwa namba ya chasisi na ya injini, linapewa kadi. Kampuni inayounganisha magari hapa nchini nayo ina taratibu zake. Mtu mmoja aliyeunda gari moja hana dirisha lake mahususi. Fremu yake mpya haina namba ya kiwandani, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuandikwa kwa kumfikiria yeye. Injini na difu vinaweza kuonyeshwa asili yake kwa kadi ya Townace, ndiyo maana nilisema asinunue gari lisilo na kadi. Zaidi ya hapo anategemea huruma ya ofisa atakayemkuta mezani. Kijana aliyekamatwa na gari lisilosajiliwa njia panda ya Himo hawezi kulaumiwa akiamua kulifunika turubai na kurudi kwenye bushi za Hiace.

Waingereza walilitatua suala hili kwa ukaguzi wa gari moja moja. Ulianza mwaka 1998 na ukaboreshwa mwaka 2009. Mkaguzi wa serikali huliweka gari juu ya mashine, akapima breki kila gurudumu, akakagua taa, mikanda na namna ilivyofungwa, usukani, vioo, moshi, na hata kingo za bati zinazoweza kumkata mtembea kwa miguu. Likifaulu linasajiliwa. Likiwa limeungwa kwa vipuri ambavyo umri wake hauthibitiki, namba yake huanza na herufi Q, na kila atakayelinunua baadaye anajua anachonunua. Likifeli, mwenye nalo anapewa orodha, anakwenda kurekebisha na kurudi. Orodha ile peke yake ni shule.

Kwetu hatuhitaji jengo jipya. TBS tayari inasimamia ukaguzi wa magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini. Polisi wa usalama barabarani wana wakaguzi wa magari. Chuo cha Ufundi Arusha kimefundisha tangu mwaka 1978, VETA ina karakana Moshi, na Machame kuna Kilimanjaro Machine Tools, kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria ili kitengeneze mashine za karakana, mahali hasa pa kuchongea habu na vishikio vya stelingi kwa vipimo sahihi. Tangu mwaka 2019 tunayo MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya ubunifu, na kila anayeyafuatilia ameona vijana wakipewa vyeti kwa mashine ambazo hazikuwa na pa kwenda baada ya maonyesho kufungwa.

Ningependa kuona TBS, polisi na TRA wakikaa na vyuo hivyo viwili na kuandika kanuni fupi: gari moja, mtu mmoja, si la biashara, lisilozidi kilo 800, lenye breki za mikondo miwili, mikanda, taa kamili na fremu iliyopigwa namba na mkaguzi mwenyewe. Lifanyiwe majaribio ndani ya uwanja kwanza. Lipewe namba ya muda yenye mipaka ya eneo na mwendo kwa miezi ya mwanzo, kisha ukaguzi wa pili kabla ya kadi ya kudumu. Na walimu wa VETA wachore fremu moja kwa Kiswahili, kwa milimita, ikitumia saizi za mabomba yanayouzwa Moshi na ekseli ya Townace, waiunde wao kwanza na wanafunzi wao, waivunje kwa majaribio, wairekebishe, kisha mchoro ugawiwe bure kwa gereji zote kuanzia Himo hadi Tarakea.